Kuku Wawili wa Chumba cha Kwanza

Kazi yangu ni kupasua kuku na kuupa utumbo wa kila mmoja alama. Mtu akiniuliza namjibu hivyo hivyo, na wengi hawaulizi mara ya pili. Kwenye kituo chetu cha utafiti wananiita Bi Matumbo, na mimi naitika bila kinyongo. Utumbo mzima, laini, usio na doa, unapata sifuri. Ukiwa na vidonda viwili vitatu vya kutafutwa kwa jicho kali, moja. Tunapanda hivyo mpaka nne, ambapo utando wa ndani umeoza na kuchakaa kama taulo kuukuu, na harufu yake inakufuata hadi mezani kwako nyumbani. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa. Madaktari wamekuja na vyeti vyao, wamebishana nami kati ya mbili na tatu, kisha wameinama kwenye hadubini na kuandika alama yangu.

Najisifu makusudi. Nataka ieleweke kwamba niliyoyafanya sikuyafanya kwa ujinga wa mtu asiyejua kuku ni nini.

Kwa mama yetu tulizaliwa watatu. Dada mkubwa alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipoanza kumchoka akawa hawezi tena kutunga uzi. Akauza vyerehani vyote viwili, akajenga banda nyuma ya nyumba yake na kuingiza vifaranga mia tatu wa nyama. Kaka yetu ndiye wa kati. Yeye alichanganya chakula cha mifugo. Alikuwa na mashine yake ya kusaga, chumba cha kuwekea magunia, na wateja waliomwita Pumba mbele ya wakwe zake naye akacheka. Mimi ni kitinda mimba. Nina mvi, nina wajukuu wawili, na bado nikiingia walipo wakubwa hao natumwa kuleta maji ya kunywa. Mama aliishi kwa dada, dawa zake za presha na sukari nikinunua mimi.

Mwaka jana vifaranga wa dada walifika wiki ya nne wamenona mpaka majirani wakawa wanakuja kuchungulia. Wiki ya tano wakaanza kufa. Asubuhi kuku anagombania chakula, mchana amejikunyata manyoya yamesimama, kabla jua halijazama yuko chali. Siku ya kwanza walikufa kumi na wanne. Siku ya tatu dada aliacha kuhesabu. Nilipofika nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameshika tama, na mama amesimama mlangoni mwa banda na fimbo yake, hataki kuingia.

Niliwapasua wanne palepale juu ya jiwe la kufulia. Wote walikuwa alama nne, tena nne isiyo na ubishi.

"Ni nini hii?" dada akaniuliza.

"Utumbo umeoza."

"Umeozeshwa na nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui, ngoja nipeleke sampuli. Lakini mtu akishazoea kuitwa mtaalamu, neno sijui linamkwama kooni. Nikatia mkono kwenye gunia la chakula, nikanusa. Unga wa samaki, mwingi kuliko ninavyouona hata kituoni.

"Mara nyingi ni chakula," nikasema. "Samaki wakizidi, utumbo hauhimili."

Nililisema kwa sauti ya kazini, sauti ninayoitumia kwa wanafunzi waliokuja kujifunza. Dada alilitazama gunia. Ubavuni mwake kulikuwa na neno PUMBA kwa wino wa bluu, kaka aliyaandika magunia yote kwa mkono wake. Aliyesema ni mama.

"Kumbe ni mwanangu," akasema.

Kaka alikuja jioni ile ile, mbio, vumbi la mahindi bado liko kwenye nyusi. Akasema mchanganyiko huo huo, wa siku hiyo hiyo, amewapelekea wafugaji wengine wanne na kuku wao ni wazima. Dada akamwuliza kama anamwita mwongo mdogo wake aliyefunza madaktari. Akamwuliza mengine pia, ambayo majirani waliyasikia vizuri na kuyabeba. Dada hakukumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwambia kaka aongeze samaki ili kuku wakue upesi. Mama alimwambia kaka apige magoti amwombe dada yake radhi, na kama hawezi, asikanyage tena pale. Kaka alitutazama mmoja mmoja. Hakupiga magoti. Akafunga geti taratibu, akaenda zake.

Mtaani ikawa Bi Matumbo kasema. Watu ambao hawajawahi kufuga hata bata wakawa wanaeleza jinsi samaki wanavyoozesha tumbo. Katika miezi miwili wateja wote walimkimbia kaka. Mashine ikauzwa, jina la Pumba likafa, akaitwa Sumu, na hilo hakulichekea. Mimi kila nilipotaka kwenda kumwona nilipata sababu ya kutokwenda. Miezi saba baada ya kuku kufa, mama naye akafa. Siku ya mazishi kaka alisimama nyuma kabisa, katikati ya majirani, kama mtu aliyepita njia akaona watu. Hakuna aliyemwita mbele. Na mimi sikumwita.

Mwaka huu kituo kilipoleta jaribio kubwa la kutenganisha chakula na maambukizi, ili ijulikane kipi kinamwozesha kuku tumbo, niliomba niwekwe humo kabla daktari anayesimamia majaribio hajamaliza kusoma tangazo. Sikumwambia kwa nini. Nilitaka kumsafisha kaka yangu kwa mikono ile ile niliyompakia matope. Sikuwa na hakika kwamba ningeweza. Nilichokuwa nacho ni lile neno lake la wafugaji wanne, lililokuwa limenikaa mwilini kama mwiba.

Jaribio lilikuwa na vyumba vinne, kuku arobaini kila kimoja. Chumba cha kwanza walikula mahindi na soya, basi, wala hawakuambukizwa chochote. Cha pili walikula chakula chenye samaki wengi bila kuambukizwa. Cha tatu walikula mahindi na soya, wakanyweshwa vimelea vya kuhara damu na baadaye bakteria. Cha nne walipata vyote, samaki na maambukizi. Niliyajua hayo kwenye karatasi tu. Siku za kupasua nililetewa kuku wenye namba kwenye bawa, na orodha ya namba ilikuwa kwenye droo ya daktari, imefungwa kwa ufunguo. Anayetoa alama hatakiwi kujua kuku ametoka chumba gani, maana jicho linalojua linaona linachotaka kuona. Na jicho langu lilitaka kuona kitu kimoja.

Nilipasua siku sita. Nikatoa alama bila huruma na bila upendeleo. Naweza kula kiapo.

Siku ya kufungua orodha, daktari aliniita ofisini kwake. Ni mtu mzima mpole, anayewaita kuku washiriki wetu, na aliyezoea kusoma matokeo kwa sauti kama mtu anayeita mahudhurio darasani. Akaanza na chumba cha pili.

"Sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri." Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Moja zilikuwa tatu tu. Mbili haikuwepo. "Washiriki wetu wa samaki watupu hawakupata kitu, Bi Matumbo. Wamenenepa tu."

"Hakufa hata mmoja?"

"Hata mmoja. Kufa wamekufa chumba cha nne, kumi na saba. Cha tatu wameumwa kidogo wakapona." Akavua miwani, macho yake yameng'aa kwa furaha. "Ni viwili pamoja. Vimelea vinakwaruza ukuta wa utumbo, samaki anawalisha bakteria wanaosubiri hapo. Kimoja kikikosekana, hakuna msiba."

Nilimwomba ruhusa nikaenda chooni. Nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia. Nilifurahi, sioni haya kusema. Nilijiona nikiingia kwa dada na ile karatasi mkononi, kaka nyuma yangu, dada anainuka kwenye kiti. Niliona mpaka nguo nitakayovaa. Niliporudi daktari alikuwa bado anaongea, sijui kama alijua kwamba nilitoka.

"Kwa hiyo ya mwaka jana nayatupa yote," alikuwa anasema.

"Ya mwaka jana yana nini?"

"Lile jaribio dogo. Kinyesi cha chumba cha kwanza tulikigandisha, hakuna aliyekipima. Wiki iliyopita nimekipima. Kimejaa mayai ya vimelea. Mtu aliingia na viatu vya chumba cha tatu, au ndoo, nani ajuaye. Chumba cha kwanza cha mwaka jana hakikuwa safi hata siku moja."

"Lakini walikuwa wazima," nikasema. "Niliwapasua mwenyewe. Sifuri tupu."

"Walikuwa wazima kwa sababu walikuwa wanakula mahindi na soya! Wamebeba vimelea bila kuumwa. Sasa hao ungewapeleka kwenye banda lenye chakula cha samaki, ungeona maajabu." Akacheka. "Bahati nzuri wote walikwenda tanuruni."

"Wote," nikasema.

Sheria ya kituo imebandikwa mlangoni: kuku aliyeingia hatoki isipokuwa kwa njia ya tanuru. Lakini sheria na mazoea ni watu wawili. Kuku wa chumba cha kwanza, ambaye hakupewa ugonjwa, amekula vizuri na amepimwa uzito kila siku, tangu nianze kazi hajawahi kuchomwa akaisha. Siku ya mwisho ya jaribio nusu yao hupasuliwa, na nusu nyingine huondoka kwenye mifuko ya watu. Mwenye tanuru anahesabu magunia, hahesabu vichwa. Mkuu wa kituo mwenyewe ameshatumiwa paja. Tuliwaita kuku wa bure, na hatukuwa tukiuita wizi. Tuliona ni dhambi kuchoma nyama safi.

Mwaka jana nilichukua wawili. Niliwapeleka kwa dada wachinjwe mama apate supu, maana hamu ya kula ilikuwa imempotea. Dada aliwapima kwa mikono, akasema bado wepesi, ngoja wakae wiki mbili wale kidogo. Akawatia bandani na wale mia tatu. Mimi nilikuwepo. Nilisimama pale mlangoni na kiatu changu cha kazi, nikamwona anawaachia, nikasema sawa dada, ni wasafi.

Kaka alileta samaki. Mimi nikaleta vimelea. Chumba cha nne tulikijenga nyuma ya nyumba ya dada mwaka mzima kabla ya daktari kukijenga kituoni, kisha mimi nikaingia kama mtaalamu, nikamnyooshea kidole mwenzangu.

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda kwa kaka, kwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako wamempa kazi ya kuchanganya rangi. Ana mashine inayotikisa makopo, yenye kelele za kukera, na mbele yake vipande vya karatasi vya rangi mia moja ambazo watu huja kubishana nazo. Aliponiona mlangoni alizima mashine.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani kafa?"

Kwa mtu ambaye sijamwona tangu mazishi, lilikuwa swali la haki. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia nilikuja kumwangalia tu, akasema ndiyo hivi, bado nachanganya, ila rangi haifi. Tulicheka kidogo, na kicheko kikatuishia wote wawili. Basi nikamwaga mtama wote. Nilimweleza vyumba vinne, nikamweleza kinyesi cha barafuni, nikamweleza kuku wawili. Yeye alikuwa anagonga kifuniko cha kopo kwa nyundo ya mpira, anazunguka nacho, tap, tap, wala hakuinua kichwa.

"Mia na nane," akasema nilipomaliza, "na mia na kumi na moja."

"Nini hizo?"

"Namba zao. Walikuwa na vibati kwenye bawa, ulisahau kuvitoa. Siku niliyoleta magunia ya mwisho niliwaona wanatembea humo bandani kama wafungwa. Nikawashika, nikaving'oa, nikavitupa chooni."

Sikuelewa. Nilimwuliza kwa nini.

"Dada yako anaongea na kila mtu. Wangeonekana na majirani, kesho yake iko kazini kwenu. Ungefukuzwa." Akafuta nyundo kwa kitambaa. "Wakati ule sikuwaza ugonjwa. Ugonjwa niliuwaza kuku walipokufa. Chakula changu wamekula kuku wa watu watano, bandani kwa mmoja tu ndimo wameingia wageni. Hapo haihitaji chuo kikuu."

"Ulijua! Ulijua siku ile ulipokuja jioni?"

"Nilijua njiani."

"Sasa mbona hukusema?"

Hapo ndipo alipoinua kichwa. Kaka yangu si mtu wa hasira, na hata siku ile hakuwa na hasira, ndiyo maana liliniuma zaidi.

"Nilisema wafugaji wengine wako salama. Nani alisikiliza? Bi Matumbo alikuwa ameshasema. Lililobaki lilikuwa ni kukutaja. Ningekutaja, kazi imekwisha, na dawa za mama zinatoka wapi? Kwa dada aliyefiwa na kuku? Kwangu mimi niliyekwisha kuharibikiwa?" Akaweka kopo kwenye rafu. "Nikaona mmoja aanguke, si wawili. Nikadhani itapoa. Mama nilimjua, hasira zake zilikuwa hazimalizi mwaka."

"Hakumaliza mwaka yeye," nikasema.

"Ndiyo."

Akaingia mteja akiulizia rangi ya dari. Kaka akamhudumia, akamchanganyia, mashine ikatikisika kwa kelele zake zote, mimi nimesimama kando ya magunia ya saruji kama mtoto aliyepewa adhabu. Mteja alipotoka nikamwambia kaka kwamba nakwenda kwa dada, leo hii, na yeye aje.

"Usiende."

"Lazima niende. Unaitwa Sumu kwa ajili yangu."

"Mimi sijakutuma unisafishe. Mashine nimeshauza. Mama ameshazikwa. Utamwambia dada ili iwe nini?"

"Ili ajue."

"Akijua afanye nini?" Akasogea karibu, akapunguza sauti ingawa dukani hamkuwa na mtu. "Sikiliza, mdogo wangu. Kuna mambo ya nyumba ile wewe huyajui. Mimi mwenyewe nayajua kwa kuambiwa na muuguzi aliyekuwa anakuja kumchoma mama sindano. Mwache dada na kuku wake. Amezoea kunilaumu, inamsaidia."

"Mambo gani?"

"Nimekwambia mwache."

Ningemsikiliza siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ningekuwa nimefanya kama kitinda mimba mwenye adabu. Lakini nilikuwa nimeshajipiga moyo konde. Nilijua dada akishajua mtaa unajua, na mtaa ukijua kituo kinajua, na kazi yangu ya miaka kumi na tisa inakwenda. Niliona hiyo ndiyo bei, na nilikuwa tayari kuilipa. Hata niliona fahari, Mungu anisamehe. Nikadhani kaka ananihurumia, na huruma yake nilikuwa nimechoka nayo tangu dakika kumi zilizopita.

Nilimkuta dada sebuleni, karibu na dirisha, anafumua pindo la pazia kwa wembe. Banda sasa anawekea kuni na viti vibovu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia kwa kuwa nimesimama nimletee maji. Nikamletea. Akanywa nusu, nusu akaiweka sakafuni karibu na mguu wake.

Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti, maana nilijua nikianza kulia sitamaliza. Nilianza na vyumba vinne. Alisikiliza kwa subira ya mtu anayeelezwa kazi ya mwenzake. Nilipofika chumba cha pili, wembe ukasimama.

"Unasema samaki peke yake haui?"

"Haui, dada."

"Wewe si ndiye uliyesema?"

"Nilikosea. Nilisema kabla ya kupima."

"Haya. Na hao vimelea waliingiaje kwangu? Banda lilikuwa jipya."

Nikamwambia waliingia mikononi mwangu, ndani ya kuku wawili wa supu. Nilisubiri anirushie ile glasi. Nilisubiri kelele zake ambazo majirani wanazijua, hata nilikuwa nimeacha mlango wazi ili wasipate taabu. Dada hakufoka. Alikunja pazia mara mbili, akaliweka magotini, akaliangalia.

"Kaka yako umemwambia?"

"Natoka kwake. Alijua, dada. Alijua tangu kuku wanakufa. Aliwaona wale wawili na vibati vya kituo, akaving'oa nisifukuzwe kazi, mama asikose dawa."

"Akanyamaza."

"Akanyamaza."

"Mwaka mzima mimi namtukana, amenyamaza." Alivua miwani. Bila miwani macho yake ni madogo, na anakuwa mzee ghafla. "Kwa hiyo hakuwa na la kuombea radhi."

"Hakuwa nalo. Kama ni radhi, niombe mimi. Nakuomba hapa."

Nikapiga magoti kwenye ule mkeka. Nilikuwa nimelipanga hilo njiani. Yeye hakuniangalia, alikuwa anaangalia mlango wa chumba cha mama, uliofungwa.

"Alimwulizia," akasema.

"Nani?"

"Mama. Wiki ile ya mwisho, wewe ulikuwa na mitihani ya wanafunzi wako. Alisema, niitie mwanangu, aombe asiombe mimi nimeshamsamehe. Siku ya kwanza nikamwambia nitampigia. Siku ya pili akaniuliza, nikamwambia nimempigia, simu haipatikani. Siku ya tatu..." Akajaribu kuvaa miwani, mkono mmoja wa miwani ukakataa kukaa sikioni, akaiacha. "Siku ya tatu nikamwambia nimempata, na amekataa kuja. Yule muuguzi alikuwa hapo, anafunga sindano zake. Mama akageukia ukutani. Hakumtaja tena mpaka anakufa."

"Hukumpigia?"

"Hata mara moja." Alisema bila kutetereka, kama anayetaja kipimo cha nguo. "Nilijiambia ni haki. Mtu ameniua kwa chakula chake, hataki hata kupiga magoti, halafu aje achukue baraka za mama bure bure. Kila ninapoamka usiku nikakumbuka mgongo wa mama, najiambia, lakini alikuua wewe kwanza. Nageuka upande wa pili, nalala."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Yale magoti yalikuwa hayana kazi tena na sikujua jinsi ya kuyainua. Nilikuja pale kutua mzigo, na nilishautua, niliuona ulipoangukia. Sasa ndipo nikamwelewa kaka na sauti yake ndogo ndani ya duka tupu. Nikasema, "Dada, hukujua. Sote hatukujua," maneno ya kijinga, ambayo hata mwanafunzi nisingemruhusu aniandikie.

Dada akachukua pazia lake. Alitafuta mahali alipokuwa amefikia kwa ncha ya kidole, kwa kuwa macho hayakuwa yanaona, akaupata uzi, akaukata.

"Kaka yako amenyamaza mwaka mzima," akasema. "Kwani na wewe ungeninyamazia miaka iliyonibakia, ungepungukiwa nini?"